Boma la Kale la Dinas Powys: Nani Alilijenga, na kwa Kazi Gani?

Nchi ya Wales iko upande wa magharibi wa kisiwa cha Britania. Ni nchi ya vilima, mabonde na malisho ya kondoo. Mtu akitembea mashambani huko hukuta mara kwa mara matuta ya udongo na mawe yaliyozunguka kipande cha ardhi, na kando ya tuta kuna handaki lililokwisha jaa majani na mchanga. Matuta mengine yangali marefu kuliko mtu. Mengine yamelimwa miaka mingi hata hayaonekani, ila asubuhi au jioni jua linapokuwa chini na kuyatupia vivuli. Wenyeji huyaita ngome. Lakini wakiulizwa ni nani aliyeyajenga, na kwa kazi gani, majibu huwa mengi.

Swali hili si la kupitishia wakati tu. Watu wa kale ambao hawakuacha maandishi mengi wameacha habari zao ardhini, na mtu akiisoma ardhi vibaya huweza kuwapa wengine sifa ya kazi iliyofanywa na wenyewe. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika boma moja liitwalo Dinas Powys. Kwa muda wa miaka mingi vitabu vilieleza kuwa matuta yake makubwa yalijengwa na wavamizi waliokuja kuitawala nchi. Baadaye ushahidi ule ule ulipotazamwa tena, ilionekana kwamba waliyajenga wenyeji, na tena mamia ya miaka kabla ya wavamizi hao kufika. Habari ya boma hilo yafaa kujifunza, maana huonyesha jinsi jambo la kale linavyotafutwa, linavyokosewa na linavyosahihishwa.

MAHALI PENYEWE

Dinas Powys ni kijiji kilicho maili chache kusini-magharibi mwa mji wa Cardiff, ambao ndio mji mkuu wa Wales tangu mwaka 1955. Katika kijiji hicho yapo magofu ya ngome ya mawe iliyojengwa na mabwana wa Kinormani, lakini siyo hiyo inayoelezwa hapa. Boma la kale liko mbali kidogo, msituni, juu ya kilima chembamba cha mawe ya chokaa. Kilima hicho kinaishia upande wa kaskazini kama pua ya jahazi, na kando zake zinateremka kwa ghafula mpaka bondeni. Adui anayetoka huko hana budi kupanda huku akishika miti.

Upande wa kusini tu ndio ulio rahisi, kwa kuwa hapo kilima kinaendelea mbele bila mteremko mkali. Kwa hiyo wajenzi walitia nguvu zao zote upande huo. Walichimba mahandaki, mengine yakikatwa ndani ya mwamba wenyewe, na mawe na udongo uliotoka humo wakaurundika uwe matuta. Yapo matuta manne, moja nyuma ya jingine, yakikata njia ya kuingilia. Ajabu ni kuwa mahali palipolindwa kwa kazi kubwa namna hiyo ni padogo sana. Uwanja wa ndani haufiki hata ekari moja. Hapatoshi kijiji, wala hapatoshi ng'ombe wa ukoo mkubwa kulala.

Hapo ndipo maswali yanapoanza. Kwa nini watu watoke jasho kiasi hicho, wakikata mwamba kwa zana za mikono, ili kulinda uwanja mdogo kama huo? Jina halisaidii sana. Neno “dinas” katika lugha ya Kiwales cha leo maana yake ni mji mkubwa, lakini zamani lilikuwa na maana ya ngome. Basi jina linaeleza tu kwamba watu waliona ngome hapo. Halielezi ilikuwa ya nani.

KAZI YA KUCHIMBA

Mwaka 1954 mwalimu wa Chuo Kikuu huko Cardiff, Bwana Leslie Alcock, alianza kuchimba ndani ya boma hilo, akaendelea mpaka mwaka 1958. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi ya mambo ya kale katika nchi ya Pakistan, na baadaye alipata sifa kubwa kwa kuchimba ngome ya Cadbury huko Somerset, Uingereza, kati ya mwaka 1966 na 1970. Lakini kazi yake ya Dinas Powys ndiyo iliyofungua mlango mpya katika historia ya Wales.

Yafaa kufahamu kwamba mchimbaji wa mambo ya kale si mtafuta hazina. Mtafuta hazina hupiga sururu mpaka aone kitu king'aacho, akakichukua na kwenda zake. Mchimbaji hasa huondoa udongo tabaka kwa tabaka, kama mtu afunuaye kurasa za kitabu kuanzia ule wa mwisho. Kilicho chini kwa kawaida kiliwekwa kwanza, na kilicho juu kiliwekwa baadaye. Kila kigae, mfupa na jiwe huandikwa mahali kilipokuwa, maana kigae kilichotolewa bila kuandikwa mahali pake ni kama shahidi aliyekatwa ulimi. Kipo, lakini hakiwezi kusema tena.

Kwa njia hiyo hata nyumba zilizokwisha toweka zaweza kujulikana. Ndani ya boma la Dinas Powys hapakuwa na kuta zilizosimama. Lakini palionekana vijifereji vyembamba vilivyopinda, navyo vikatambuliwa kuwa vilihusu maji ya mvua yaliyokuwa yakidondoka kutoka kwenye mapaa. Paa limeoza, ukuta umeanguka, lakini mfereji wa matone umebaki na kuonyesha ukubwa wa nyumba. Palikuwa pia na mahali pa moto, na marundo ya takataka ya watu waliokula na kufanya kazi hapo.

VITU VILIVYOPATIKANA

Wachimbaji walikuta dalili chache za watu walioishi juu ya kilima hicho kabla ya Warumi kuja Britania. Lakini vitu vingi zaidi vilikuwa vya wakati mwingine kabisa, yaani tangu karne ya 5 mpaka karne ya 7 baada ya Kristo. Jambo hilo liliwashangaza wengi. Utawala wa Warumi katika Britania ulikwisha karibu na mwaka 410. Miji ikafifia, fedha za sarafu zikaacha kutumika, na watu wa Wales wakabaki karibu bila kutengeneza vyombo vya udongo. Wanahistoria walizoea kuuita wakati huo wakati wa giza, wakidhani kwamba watu wake walikuwa maskini waliotengwa na dunia.

Vigae vya Dinas Powys vilitoa habari nyingine. Vingine vilikuwa vya sahani nyekundu nzuri zilizotengenezwa katika pwani ya magharibi ya nchi ambayo leo ni Uturuki. Vingine vilikuwa vya mitungi mikubwa yenye mikono miwili, iliyotumika kusafirisha mvinyo na mafuta ya zeituni, nayo ilitoka Ugiriki na nchi za mashariki ya bahari ya Mediterania. Vigae vya namna nyingine vilitoka Ufaransa. Palikuwa pia na vipande vingi vya vikombe vya kioo kutoka ng'ambo.

Biashara hiyo haikufika Dinas Powys peke yake. Katika rasi ya Tintagel, huko Cornwall, vimepatikana vigae vya namna hiyo kwa wingi sana, na baadhi yake ni vya sahani nyekundu zilizotengenezwa Afrika ya Kaskazini, katika nchi ambayo leo ni Tunisia. Basi katika karne ya 6 merikebu zilikuwa zikitoka bahari ya Mediterania, zikipita mlango wa Gibraltar, zikipanda kaskazini kandokando ya Hispania na Ufaransa, mpaka pwani za magharibi za Britania. Wajuzi wengi hudhani kwamba bati la Cornwall ndilo hasa lililowavuta wafanya biashara hao.

Vigae hivyo vina faida nyingine tena. Kwa kuwa sahani na mitungi ya aina hizo imechimbwa katika miji mingi ya Mediterania, pamoja na sarafu na majengo ambayo miaka yake yajulikana, kigae kimoja kinaweza kuonyesha wakati wa tabaka zima la udongo huko Wales. Vyombo vya Mediterania vilifika hasa mwishoni mwa karne ya 5 na katika nusu ya kwanza ya karne ya 6. Vyombo vya Ufaransa viliendelea kuja mpaka karne ya 7.

Mbali na vitu vya ng'ambo, boma lilikuwa na kazi za mikono zilizofanywa hapo hapo. Vilipatikana vyungu vidogo vya kuyeyushia madini, na dalili za kufua chuma na kusubu shaba nyeusi. Kipande kimoja cha risasi kilikuwa kielelezo cha pini ya kufungia joho, pini ya mviringo wenye pengo ambayo watu wakubwa wa wakati huo waliivaa kama alama ya cheo. Fundi alikikandamiza kielelezo hicho katika udongo laini ili apate kalibu ya kumiminia madini. Tena palikuwa na mifupa mingi ya ng'ombe, nguruwe na kondoo waliochinjwa na kuliwa.

PALIKUWA MAHALI PA NAMNA GANI?

Kutokana na vitu hivyo, Bwana Alcock alisema kwamba hapo palikuwa makao ya mkuu wa wenyeji, pengine mfalme mdogo, pamoja na jamaa yake, askari wake na mafundi wake. Wafalme wa namna hiyo walikuwako hakika. Mtawa mmoja aliyeitwa Gildas, aliyeishi katika karne ya 6, aliandika kitabu kwa Kilatini akiwakaripia wafalme watano wa Wabritoni kwa dhambi zao. Lakini Dinas Powys haikutajwa na Gildas, na jina la mkuu aliyeishi hapo halikuhifadhiwa katika maandishi ya wakati wake.

Sheria za kale za Wales husaidia kidogo kuyafahamu maisha ya wakuu hao. Sheria hizo huhesabiwa kuwa za mfalme Hywel Dda, aliyekufa karibu na mwaka 950, ingawa nakala zilizobaki ziliandikwa katika karne ya 13 na baadaye. Zinaeleza kwamba mfalme alikuwa na makao yaitwayo “llys”, na kwamba watu walio chini yake walimletea kodi ya vyakula: nyama, mikate, bia na asali. Walitakiwa pia kufanya kazi ya kumjengea nyumba zake. Bwana Alcock aliona kwamba mifupa ya Dinas Powys inapatana na desturi hiyo, yaani wanyama waliletwa bomani na watu waliolima na kufuga katika nchi ya jirani.

Hata hivyo sheria zilizoandikwa mamia ya miaka baadaye haziwezi kutumika kama picha kamili ya karne ya 6. Kwa hiyo wataalamu wengine waliokuja nyuma wamelipima jambo hilo kwa njia mbalimbali. Mwaka 1988 Roberta Gilchrist aliichunguza tena habari ya mifupa, akaeleza kwamba ufugaji na mabadilishano ya mali katika nchi ya jirani ndiyo yaliyokuwa nguzo ya boma. Wengine wametilia mkazo karamu. Kwao boma lilikuwa mahali ambapo mkuu aliwanywesha wafuasi wake mvinyo wa mbali katika vikombe vya kioo, akawagawia pini na mapambo yaliyofuliwa na mafundi wake, nao wakamlipa kwa uaminifu na kwa mikuki yao.

Maoni hayo hayapingani sana. Mahali pamoja paweza kuwa nyumba ya mkuu, ghala la kodi, karakana ya mafundi na ukumbi wa karamu. Neno la kushikwa ni kwamba matuta peke yake yasingeweza kueleza hata moja la mambo hayo. Mtu angetazama mahandaki tu, angesema hapo palikuwa pa vita. Yalikuwa ni matakataka ya jikoni yaliyoonyesha kwamba palikuwa pia pa ukarimu, ufundi na biashara.

MATUTA NI YA NANI?

Sasa twaja kwenye jambo lililoleta mabishano makubwa zaidi. Bwana Alcock alipoyakata matuta ili aone jinsi yalivyojengwa, aliona kwamba hayakujengwa wakati mmoja. Tuta moja dogo alilipa wakati wa wakuu wale wa karne ya 5 na ya 6. Lakini matuta makubwa, yaliyo na mahandaki yaliyokatwa mwambani, alisema ni ya mwishoni mwa karne ya 11, nayo ni kazi ya Wanormani.

Sababu zake hazikuwa za kubahatisha. Kwanza, ndani ya tuta kubwa la ndani, na chini yake, zilikuwako takataka zenye vigae vya ng'ambo. Kwa hiyo tuta lilikuwa limejengwa baada ya takataka hizo kutupwa. Pili, historia ya nchi ilielekea huko. Wanormani waliishinda Uingereza mwaka 1066, na katika miaka ya 1090 bwana wao Robert Fitzhamon aliitwaa nchi ya Glamorgan, ambamo Dinas Powys imo. Tatu, Wanormani walipoingia katika nchi mpya hawakungoja kujenga ngome za mawe. Walijenga upesi ngome za udongo na miti. Nyingine zilikuwa kilima cha kurundikwa chenye mnara wa mbao juu yake. Nyingine zilikuwa tuta la mviringo na handaki, na boma la miti juu ya tuta. Katika Glamorgan ngome za namna hii ya pili ni nyingi. Basi tuta la Dinas Powys lilifanana nazo, na Bwana Alcock akalihesabu pamoja nazo.

Alichapisha kitabu chake mwaka 1963, na wengi waliyapokea maelezo yake. Hivyo msomaji wa kitabu hicho alijifunza kwamba mkuu wa Wabritoni alikaa nyuma ya kijituta kidogo, na kwamba ngome kubwa iliyo mbele ya macho ni kazi ya mabwana wa kigeni waliokuja baada ya miaka 500.

Lakini palikuwa na jambo moja lisilokaa sawa. Wanormani walikuwa watu wenye vyombo. Mahali walipoishi waliacha vigae vya vyungu vyao, misumari, viatu vya farasi na vitu vingine vya kila siku. Katika Dinas Powys vitu kama hivyo vya karne ya 11 karibu havikuonekana. Ilipasa kuamini kwamba Wanormani walikuja, wakakata mwamba kwa taabu kubwa, wakarundika matuta, kisha wakaondoka karibu bila kula, bila kuvunja chungu na bila kudondosha msumari.

USHAHIDI ULIOTAZAMWA TENA

Katika miaka ya 1980 na 1990 mtaalamu mwingine, Ewan Campbell, alivichunguza upya vitu vilivyotoka Dinas Powys pamoja na maandishi ya uchimbaji. Hakuwa na haja ya kuanza kuchimba boma upya. Alichukua vipande vya vioo na vigae, akatafuta vipi vilikuwa vya chombo kimoja, kisha akaangalia kila kipande kilipatikana wapi na katika tabaka gani.

Kazi hiyo ya subira ilizaa matunda mawili. Tunda la kwanza lilihusu vikombe vya kioo. Bwana Alcock alidhani kwamba vioo vililetwa vikiwa vimekwisha vunjika, kama mali ya kuyeyusha ili kutengeneza shanga na mapambo. Lakini Campbell alionyesha kwamba vipande vya chombo kimoja vililala kwa namna inayoonyesha kuwa vikombe vilikuwa vizima vilipofika, vikatumika kunywea, vikavunjika pale pale. Basi mkuu wa Dinas Powys hakununua mabaki ya meza za wengine. Vikombe hivyo vilikuwa vya meza yake mwenyewe.

Tunda la pili lilihusu matuta. Ni kweli kwamba tuta lililo juu ya takataka lilijengwa baada ya takataka. Lakini neno “baada” laweza kuwa baada ya miaka 500, na laweza kuwa baada ya miezi mitano. Takataka za mkuu zaweza kufunikwa na tuta la mkuu huyo huyo, au la mwanawe, anapoamua kulipanua boma lake. Kwa kuupanga upya mfululizo wa tabaka na mahali pa vitu, Campbell alionyesha kwamba matuta yote makubwa yanaingia vizuri zaidi katika karne ya 6 na ya 7, wakati watu wenye vyombo vya ng'ambo walipokuwa wakiishi hapo. Upungufu wa vitu vya Kinormani hauwi tena fumbo. Hakuna vitu vya Wanormani kwa sababu si Wanormani waliojenga. Aliyaeleza haya tena katika kitabu chake cha mwaka 2007, na maelezo yake ndiyo yanayofuatwa na wataalamu wengi waliolichunguza boma hilo.

Kosa lilitoka wapi, basi? Halikutoka katika uvivu wala upendeleo. Lilitoka katika kulitambua tuta kwa umbo lake. Tuta la mviringo lenye handaki laweza kujengwa na mtu wa karne yoyote aliye na adui, mali na watu wa kumfanyia kazi. Umbo ni kama nguo. Watu wawili wasiojuana waweza kuvaa kanzu za namna moja. Anayetaka kumjua mwenye kanzu hana budi kumsikia akisema.

Na hapa inafaa kumpa Bwana Alcock haki yake. Hakuficha jambo lolote lililomsumbua. Kitabu chake kilichora matabaka, kikaorodhesha vitu, kikaeleza vilipatikana wapi. Kwa sababu hiyo mtu mwingine aliweza kumsahihisha kwa kutumia kazi yake mwenyewe. Mtaalamu mwema si yule asiyekosa kamwe. Ni yule anayeacha nyuma yake kumbukumbu safi, ili kosa lake liweze kuonekana na kuondolewa.

MAANA YA SAHIHISHO HILO

Mtu aweza kuuliza kuna tofauti gani kama matuta ni ya mwaka 550 au ya mwaka 1095. Tofauti ni kubwa. Kama matuta ni ya wavamizi, basi wenyeji wa karne ya 6 walikuwa na vikombe vizuri lakini hawakuwa na nguvu ya kujenga. Kama ni ya wenyeji, basi baada ya Warumi kuondoka walikuwako wakuu walioweza kukusanya watu wengi, kuwalisha kwa muda mrefu wa kazi, kuagiza mvinyo wa mbali, na kuzungushia nyumba zao mahandaki yanayokata mwamba. Jamii iliyoitwa ya giza yaonekana ilikuwa na utaratibu, kodi, mafundi na jamaa wa mbali wa kibiashara.

Uwanja mdogo nao unapata maana. Matuta manne yaliyo mbele ya nyumba chache hayakuwa ya kuzuia adui peke yake. Kila mtu aliyeleta ng'ombe wa kodi, na kila mgeni aliyekuja karamuni, alipita kati ya matuta hayo kabla ya kuufikia ukumbi. Kila tuta lilimwambia, bila maneno, kwamba anaingia kwa mtu mkubwa anayeweza kuamuru kazi kama hiyo ifanyike.

Uchunguzi haukuishia kilimani. Maili chache kutoka hapo, huko Llandough, mwaka 1994 yalichimbwa mamia ya makaburi ya kale karibu na mahali palipokuwa na nyumba ya watawa. Andrew Seaman, ambaye aliandika juu ya Dinas Powys mwaka 2013, amelitazama boma pamoja na makaburi, makanisa na mashamba ya nchi ile, maana mkuu hawezi kufahamika bila watu waliomlisha. Kwa njia hiyo swali la boma linapanuka na kuwa swali la nchi nzima.

KUHIFADHI USHAHIDI

Habari hii yote ingepotea kama kilima kingesawazishwa ili kupandwa mazao, au kama watu wangekuja usiku kutafuta dhahabu. Katika Wales, mahali pa kale palipoandikwa katika orodha ya serikali haparuhusiwi kuchimbwa, kusawazishwa wala kupitishiwa mtambo wa kutafutia madini pasipo idhini. Tume ya kuandika habari za mambo ya kale ya Wales iliundwa mwaka 1908, na idara iitwayo Cadw, ambayo jina lake kwa Kiwales maana yake ni kuhifadhi, ilianzishwa mwaka 1984. Hata hivyo sheria peke yake haitoshi. Mkulima mwenye trekta na mtoto anayechunga kondoo ndio walinzi wa kwanza wa tuta lililo katika shamba lao.

Mtu akiona tuta la kale, handaki lisilojulikana, au vigae vilivyofukuliwa na mvua, jambo jema ni kuviacha mahali pake, kuandika au kukumbuka vilipo, na kuwapasha habari wanaohusika. Kigae kilichookotwa na kuwekwa dirishani nyumbani hupendeza kwa siku chache, kisha husahauliwa. Kigae kilichoandikwa mahali pake chaweza, baada ya miaka 30, kuirudisha sifa ya ngome nzima kwa watu walioijenga.

Maswali yangaliko juu ya kilima cha Dinas Powys. Jina la mkuu halijulikani, wala idadi ya watu aliowaita kukata mwamba ule. Lakini lile swali kubwa la nani aliyejenga limepata jawabu kutoka katika vioo vilivyovunjika na takataka za jikoni, vitu ambavyo waliovitupa hawakudhani kwamba ipo siku vitatoa ushahidi kwa niaba yao.